Gemu Darasani: Lipia Nini, Uache Nini

Mwalimu anayetaka somo lake livutie kama gemu huambiwa kwanza atafute tableti. Mimi nasema asikimbilie huko. Mtoto hung'ang'ania gemu kwa sababu akikosea anajua papo hapo, na anarudia bila kuzomewa. Hilo halihitaji kioo.

Tuanze na Kahoot!, programu ya maswali kutoka Norway iliyozinduliwa mwaka 2013. Toleo la msingi ni bure, ila darasani utahitaji projekta, umeme, bando, na simu kwa kila mtoto au kila kikundi. Shule nyingi za msingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu. Tena, usipobadilisha mpangilio, anayejibu haraka ndiye anayezoa pointi, kwa hiyo mtoto anayefikiri taratibu huachwa nyuma hata akipata jibu.

Kwa programu ya Plickers, inatosha simu moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi hushika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi. Upande anaouelekeza juu ndio jibu lake: A, B, C au D. Mwalimu hupitisha kamera darasani na majibu yanaingia. Michoro inatofautiana na herufi ni ndogo, hivyo kuchungulia kwa jirani hakusaidii. Seti ya kawaida ina kadi 40. Darasa likiwa na watoto 80, wakae wawili wawili na kujadiliana kabla ya kuinua. Gharama yako ni kuchapisha mara moja, na kadi ngumu hudumu.

Tableti zina mahali pake. Vijijini Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilizijaribu kwa watoto wasiokuwa shuleni, wakajifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion zilishinda kwa pamoja, na programu zao zikaachwa wazi kwa yeyote. Programu ni bure. Vifaa, chaji na matengenezo si bure.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni ya Lee Sheldon, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Wanafunzi wake walianza na alama sifuri, wakapanda kwa kila kazi waliyoimaliza. Hapo unahitaji daftari la alama na chaki.

Kwa mfuko wa mwalimu wa kawaida, chaguo langu ni daftari hilo pamoja na kadi. Projekta na tableti ziachiwe bajeti ya shule.