Ukipiga 999 Kutoka Kibugu, Nani Hulipa?

Ni saa nane usiku Kibugu, mvua inanyesha, na mama mjamzito ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mumewe anachukua simu na kukuta kredo imeisha. Hilo lisimzuie. Nambari za dharura 999 na 112 hupigwa bila malipo hata salio likiwa sufuri. Nambari 112 ina faida nyingine: imewekwa ndani ya mfumo wa simu za mkononi duniani kote, hivyo simu hutafuta mtandao wowote unaofika mahali hapo, si ule wa laini yake pekee. Huku juu kuelekea msitu wa Mlima Kenya, ambako mabonde hukata mawimbi, hilo si jambo dogo.

Swali gumu huanza simu ikishapokelewa. Anayepokea analipwa na nani? Gari la wagonjwa linatumwa na nani, na mafuta yake yanatoka katika mfuko gani?

Simu za 999 na 112 hupokelewa na polisi, nao polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Huduma za ambulansi na za kuzima moto, kwa upande wake, ni kazi ya kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kwa hiyo simu inaingia serikali moja na gari liko serikali nyingine. Dakika nyingi hupotea hapo katikati, na ndiyo sababu wakazi wengi huamua kumwita jirani mwenye gari au boda boda, wakalipa kutoka mfukoni.

Nchi nyingine zimeziba pengo hilo kwa sheria. Marekani, ambako simu ya kwanza ya 911 ilipigwa mwaka 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, majimbo mengi hutoza ada ndogo ya kila mwezi kwa kila laini ya simu. Ada hiyo hulipia vituo vya kupokea simu na mitambo yake. Hata huko mambo hayakunyooka: baadhi ya majimbo yalichukua fedha hizo kwa matumizi mengine, hadi sheria ya mwaka 2008 ikaagiza taarifa itolewe kila mwaka kuonyesha fedha zimekwenda wapi.

Je, kaunti inaweza kutoza ada kama hiyo? Hapana, si kwa uamuzi wake yenyewe. Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, ada za huduma inazotoa, na kodi nyingine ikiwa tu Bunge limeiidhinisha kwa sheria. Kodi ya simu ni ya serikali ya kitaifa. Mkazi wa Kibugu anaponunua kredo, tayari analipa ushuru wa bidhaa, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15, pamoja na VAT ya asilimia 16. Fedha hizo huingia Hazina ya Kitaifa pamoja na kodi nyingine.

Upo pia Mfuko wa Huduma kwa Wote unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni za simu huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Kazi yake ni kufikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni haoni faida ya kujenga mnara. Unasaidia simu ipite, lakini haununui ambulansi.

Kinachobaki kwa kaunti ni bajeti ya kawaida ya afya. Hapa wengi huuliza kuhusu Mfuko wa Dharura wa Kaunti, na jina lake huwapotosha. Mfuko huo, uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ni wa mambo ya ghafla yasiyotarajiwa, kama maporomoko ya ardhi. Kila malipo yake lazima yapelekwe kwa bunge la kaunti kuidhinishwa ndani ya miezi miwili. Mshahara wa mtu anayekaa usiku kucha akisubiri simu si jambo la ghafla. Unatarajiwa kila mwezi, na mahali pake ni ndani ya makadirio ya bajeti, ukiwa na mstari wake.

Matibabu yenyewe yana ulinzi mwingine. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi, unaopata fedha zilizotengwa na Bunge la Kitaifa. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inasema matibabu ya dharura huanza kabla ya mgonjwa kufika hospitalini, na ni pamoja na kupanga uhamisho wake ikiwa kituo hakina uwezo wa kumhudumia. Hospitali ikimkataa mgonjwa wa dharura ilhali inaweza kumhudumia, inaweza kutozwa faini. Yaani mama yule akifika Hospitali ya Rufaa ya Embu, hawezi kuambiwa alipe kwanza. Barabara kati ya Kibugu na hospitali ndiyo inayotegemea bajeti.

Bajeti hiyo ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Maoni yanayotolewa Septemba huwa na nguvu zaidi kuliko ya Mei, kwa sababu wakati huo miradi bado inachaguliwa. Mkazi anayetaka kujua kama huduma ya kupokea simu na kutuma ambulansi ina mstari wake anaweza kuuliza kwenye kikao cha ushiriki wa umma katika wadi yake. Anaweza pia kuwasilisha ombi la maandishi kwa kaunti chini ya kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Halihitaji wakili.