Mifupa Iliyogeuka Mawe

Msafiri asimamapo Malaba, upande wa Kenya, akatazama magharibi, huuona mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya nchi tambarare. Wengi huujua kwa ajili ya saruji, kwa kuwa chokaa ya mahali hapo ndiyo iliyotumiwa kuitengenezea. Lakini si wengi wajuao kwamba mwamba huo ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani sana, wala kwamba volkano za namna hiyo ndizo zilizohifadhi mifupa ya wanyama wa kale iliyomo leo katika nyumba za makumbusho za Nairobi na Kampala. Wenyeji wa Busia na Malaba wanakaa katikati ya nyumba hizo mbili, na yafaa wajue zina nini ndani yake.

Mfupa hugeukaje kuwa jiwe?

Ng'ombe akifa malishoni, fisi na mbwa hula nyama na kuitafuna mifupa. Jua na mvua humaliza yaliyosalia, na baada ya miaka michache haionekani hata alama. Ndiyo sababu mifupa ya kale ni haba. Lakini mara chache mnyama hufa mahali ambapo matope ya mto au majivu ya volkano humfunika upesi. Hapo maji yapitayo ardhini, yenye chokaa na madini mengine, huingia katika vitundu vya mfupa na kuacha chembe zake humo, kama ukoko mweupe ugandavyo ndani ya birika. Baada ya muda mrefu mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe, lakini umbo lake halibadiliki. Mabaki ya namna hii huitwa visukuku.

Napak, katika nchi ya Karamoja huko Uganda, palikuwa na volkano iliyotoa majivu yenye chokaa nyingi. Karibu na Rusinga, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, palikuwa na nyingine ya namna hiyo. Pande zote mbili wataalamu wamechimbua mifupa ya wanyama walioishi miaka ipatayo milioni 18 hadi milioni 20 iliyopita. Wakati huo Rusinga hakikuwa kisiwa, kwa maana ziwa lenyewe halijakuwako; na mpaka wa Kenya na Uganda haukuwapo. Mwaka 1948 Bibi Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, aliyepewa jina la Proconsul, na habari zake zikaenea duniani kote. Mwaka 2011 fuvu la sokwe mwingine wa kale lilipatikana Napak.

Nyumba mbili za makumbusho

Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mahali yalipo sasa mwaka 1930. Humo yamehifadhiwa mabaki ya kijana aitwaye Mvulana wa Turkana, aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Aliyeyagundua mwaka 1984 ni Bwana Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesifika kwa macho makali. Alianza kwa kuona kipande kidogo tu cha fuvu juu ya changarawe, magharibi ya Ziwa Turkana.

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, na tangu mwaka 1954 yamo katika jengo lake la Kitante, mjini Kampala. Huko hutunzwa mifupa ya kale iliyotoka Napak na Moroto. Kwa mtu wa Busia au Malaba, safari ya Kampala ni kama nusu ya safari ya Nairobi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya aweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, na katika miji hii miwili ya mpakani maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, hata msafiri asisimamishwe mara mbili.

Wako wapi dinosaria?

Watoto wa shule wapelekwapo makumbusho huuliza kwanza habari za dinosaria, wale wanyama wa ajabu waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Yapasa waelezwe kwamba mifupa yao haitazamiwi kuonekana Busia. Miamba ya vilima vya Samia ina umri wa zaidi ya miaka milioni elfu mbili, tangu kabla ya kuwako mnyama mwenye mfupa; nayo majivu ya Rusinga na Napak yalianguka baada ya dinosaria kwisha. Kila mwamba hutunza habari za zama zake tu.

Dinosaria mashuhuri wa Afrika Mashariki walitoka Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko kwa mikono ya mamia ya Waafrika, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliichukua mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mzigo wa zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, na kimo chake chapita mita 13. Mjukuu wa mpagazi akitaka kumwona, hana budi kusafiri mpaka Ujerumani.

Aonaye mfupa afanyeje?

Kwa Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yaamuru kwamba mtu akivumbua kitu cha namna hii atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba, aonyeshe na mahali penyewe. Kukipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Watu wa mpakani, ambako bidhaa za kila aina hupita mchana na usiku, wana sababu ya kulikumbuka jambo hili kuliko wengine.

Sheria hii ina maana. Umri wa mifupa ya kale sana hujulikana kwa kupima majivu ya volkano yaliyoizunguka. Mfupa uliong'olewa na kuuzwa njiani ni kama shahidi aliyekatwa ulimi: upo, lakini hausemi. Kwa hiyo mchimba kisima au mchunga ng'ombe akiona mfupa uliogeuka jiwe, popote alipo, asiung'oe wala asiuvunje. Aweke alama mahali pale, amwarifu chifu, au apeleke habari Makumbusho ya Kisumu. Kamoya Kimeu naye alianzia kwenye kipande kidogo.