Mini ya kale na ya 2001: Jina moja, magari mawili

UHABA wa mafuta ndio uliozaa gari dogo la Mini. Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1956, petroli ilitolewa kwa mgao nchini Uingereza, na kampuni ya BMC ikamwagiza mhandisi Alec Issigonis kubuni gari lisilokunywa mafuta mengi.

Lilipozinduliwa Agosti 1959 lilikuwa na urefu wa mita 3.05 tu, ilhali lilitosha watu wazima wanne. Siri ilikuwa injini. Issigonis aliikingamisha, akaweka giaboksi chini yake na kuyaachia magurudumu ya mbele kazi ya kuvuta gari. Takriban asilimia 80 ya sakafu ikabakia ya abiria na mizigo. Magari madogo mengi yangali yanakingamisha injini vivyo hivyo.

Mini ya BMW ya mwaka 2001 ilirefuka hadi mita 3.63, na uzani ukapanda kutoka takriban kilo 600 hadi zaidi ya tani moja. Ajabu ni kwamba abiria wa nyuma waliendelea kubana magoti! Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilimezwa na usalama: mifuko ya hewa, nguzo nene na pua iliyoundwa kukunjamana gari linapogonga. Ile ya 1959 iliuzwa bila hata mikanda ya usalama.