Methadoni na saratani: maumivu yanarudi, dawa bado imo mwilini

Ukitaja methadoni Dar es Salaam, wengi watakwambia hiyo ni dawa ya mateja. Ni kweli, tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili inawapa watu wanaoacha heroini. Lakini dawa hiyohiyo hutuliza maumivu ya saratani, na mgonjwa anaweza kuitumia kwa miezi mingi. Inakuwaje?

Methadoni ni ya jamii ya afyuni, kama mofini. Hujishika kwenye vipokezi vilevile vya neva na kupunguza taarifa za maumivu zinazofika kwenye ubongo. Ila ina kazi ya pili: inazuia kipokezi kiitwacho NMDA, kinachochochea maumivu ya neva, yale ya kuungua au kama kupigwa shoti. Tena huvunjwa na ini, kwa hiyo inaweza kumfaa mgonjwa mwenye figo dhaifu, ambaye mabaki ya mofini yangemrundikia mwilini.

Sasa, ugumu uko hapa. Mwanzoni, nafuu ya dozi moja hudumu saa 4 hadi 8 hivi. Dawa yenyewe haina haraka ya kuondoka: kupungua hadi nusu kunaweza kuchukua saa 8 kwa mtu mmoja, na zaidi ya saa 50 kwa mwingine.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mtu anameza miligramu 10 kila asubuhi, na nusu huondoka kwa saa 24. Siku ya pili akishameza ana 15, ya tatu 17.5, ya tano zaidi ya 19. Dozi haijabadilika, lakini kiasi kilichomo mwilini kimekaribia mara mbili!

Ndiyo maana daktari husubiri siku kadhaa kabla ya kupandisha dozi. Mgonjwa akijiongezea kwa sababu maumivu yamerudi jioni, hatari inaweza kumfika siku ya tatu au ya nne: anasinzia mno, haamki vizuri, anapumua polepole. Usiseme "mwache apumzike". Hiyo ni dharura, mpeleke hospitali.

Kwa matumizi ya muda mrefu, moyo hupimwa kwa ECG, maana dawa hii inaweza kuvuruga mapigo. Daktari ajue pia dawa nyingine zote: rifampisini ya kifua kikuu hupunguza methadoni mwilini, flukonazoli ya fangasi huiongeza.

Na je, mgonjwa atakuwa teja? Mwili kuzoea dawa si uteja. Ila kwa sababu umezoea, asiache ghafla. Dozi hupunguzwa taratibu, kwa mkono wa daktari.