Jicho Lisomapo: Kompyuta na Vipimo vya Miruko ya Macho

Mtu asomaye kitabu hudhani kwamba macho yake huteleza juu ya mstari taratibu, mithili ya mtumbwi juu ya maji matulivu. Sivyo hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, katika maabara ya Émile Javal mjini Paris, ilibainika kuwa macho husoma kwa kurukaruka: hutua, huruka, kisha hutua tena. Tuo moja huchukua karibu robo ya sekunde. Mruko huchukua muda mfupi zaidi, na wakati huo maandishi hayatambuliwi.

Je, mwendo wa haraka namna hii hupimwaje? Jicho humulikwa kwa mwanga hafifu wa infraredi, usioonekana na mwanadamu. Kamera hunasa mboni pamoja na nukta ya mwanga inayoakisiwa na konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Jicho ligeukapo, nafasi baina ya mboni na nukta hiyo hubadilika. Kompyuta hukokotoa badiliko hilo na kutambua mahali panapotazamwa.

Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani, George McConkie na Keith Rayner, walichapisha jaribio la werevu. Kompyuta ilifuata jicho na kuacha maandishi halisi katika dirisha dogo tu. Nje yake herufi zilibadilishwa, kwa mfano kuwa x. Jicho liliporuka, dirisha nalo lilihama. Majaribio ya aina hiyo yameonyesha kuwa msomaji wa Kiingereza hutumia herufi 3 au 4 upande wa kushoto wa tuo, na 14 au 15 hivi upande wa kulia. Kwa wasomaji wa Kiebrania, kiandikwacho kutoka kulia kwenda kushoto, utafiti wa mwaka 1981 ulikuta dirisha limeelemea kushoto.

Mwalimu anayo mafunzo hapa. Hata msomaji hodari hurudi nyuma takriban mara moja katika kila miruko 10, hasa sentensi inapomtatiza. Neno likiwa geni, tuo hurefuka. Kwa hiyo mwanafunzi arudiaye mstari asikemewe kuwa macho yake ni mavivu, wala asiahidiwe kwamba ataweza kusoma ukurasa mzima kwa mtupo mmoja wa jicho. Jicho huifuata akili. Ampaye mwanafunzi msamiati na mazoezi ya kusoma ndiye amwongezeaye kasi.