Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba

Cymbeline si tamthilia ya William Shakespeare inayosomwa sana shuleni, lakini Kiingereza cha kila siku kina deni kwake. Mwingereza anayelalamika kwamba hakupata hata lepe la usingizi, au anayemwambia laghai aliyenaswa kuwa mchezo wake umekwisha, huwa anatumia misemo iliyomo humo. Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1623, miaka 7 baada ya kifo cha mwandishi.

Jukwaa pekee lisingeisambaza misemo hiyo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilijaa mifano kutoka kwa Shakespeare, na baadaye shule, hata za makoloni, zikawasomesha watoto kazi zake. Kamusi za baadaye zilimpa pia sifa zisizo zake: maneno mengi aliyodhaniwa kuyabuni yameonekana katika maandishi ya waliomtangulia. Watunga kamusi walimsoma yeye mno, wengine wakawapitia juujuu.

Kiingereza hichohicho ndicho Sudan Kusini ilichokifanya lugha rasmi ilipopata uhuru, tarehe 9 Julai 2011. Lakini huko Malakia, mtaa wa zamani wa mji mkuu, Juba, watu huongea Kiarabu cha Juba, lugha iliyokulia katika kambi za askari za karne ya 19 na iliyo ndugu wa Kinubi kinachoongewa Kibera, Kenya, na Bombo, Uganda. Wapo wanaoidharau, wakiiita Kiarabu kilichoharibika.

Mei 2012, kundi la South Sudan Theatre Company liliigiza Cymbeline kwa lugha hiyo katika ukumbi wa Globe, London, kwenye tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37. Joseph Abuk ndiye aliyeitafsiri. Kisa chenyewe kinahusu mfalme wa Uingereza anayekataa kulipa ushuru kwa Roma. Anapigana, anashinda, kisha, ajabu, anakubali kulipa. Januari mwaka huohuo Juba ilikuwa imesimamisha uzalishaji wa mafuta kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada za kupitisha mafuta kwenye bomba la Sudan, kwa hiyo kisa hakikuwa kigeni.

Kiingereza nacho, enzi za Shakespeare, kilikuwa chini ya Kilatini machoni pa wasomi. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya Robert Cawdrey, ilitoka mwaka 1604, Hamlet ikiwa imekwisha chapishwa. Kiarabu cha Juba kilitangulia kupata kamusi, ya Ian Smith na Morris Timothy Ama, mwaka 1985, Shakespeare akafuata.