Nchi Iliyochongwa Katika Mti

Zamani, kabla ya picha za kamera kuweza kuchapwa vitabuni, picha nyingi za vitabu na magazeti ya Ulaya zilichongwa katika mti. Kazi hiyo yataka mkono imara kama ule wa fundi wa milango ya Pwani. Lakini mlango hutazamwa wenyewe, na mti huu hupakwa wino, kisha hugandamizwa juu ya karatasi.

Fundi huchukua kipande cha mti mgumu kilichokatwa kwa kukingama gogo. Upande huo hauchaniki upesi, na chombo chenye ncha kali chaweza kukata humo mstari mwembamba kama unywele. Palipochongwa hutoka peupe. Palipoachwa hutoka peusi. Tuseme fundi ataka kuonyesha pwani ya Diani. Mahali pa mchanga na povu la mwambani atapachonga. Vivuli vya minazi na vya msitu wa Kaya Kinondo ataviacha. Tena hana budi kuchonga kinyume. Mtu asimamaye ufukweni akitazama bahari, ngalawa iendayo Msambweni huelekea kuume kwake. Katika mti lazima ielekee kushoto. La sivyo, karatasini itaonekana yarudi Mombasa.

Mmoja wa mafundi mashuhuri wa kazi hii alikuwa Edward Whymper, aliyezaliwa London mwaka 1840. Baba yake, Josiah, alikuwa mchongaji, naye alijifunza kwake tangu ujana. Mwaka 1860 mchapaji wa vitabu alimtuma kuchora milima ya Alps. Huko akaipenda milima yenyewe, na tarehe 14 Julai 1865 yeye na wenzake sita wakawa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn. Waliposhuka, wanne walianguka wakafa. Mwaka 1871 alitoa kitabu cha safari hizo, chenye picha zilizochongwa.

Wachoraji wengi wa siku zile walichora nchi wasizozikanyaga. Dr. Livingstone alipoona picha ya simba iliyotengenezwa kwa kitabu chake cha mwaka 1857, alichukizwa, akaomba iondolewe, lakini ilichapwa. Whymper alichora mawe aliyoyashika kwa mikono yake. Mkono hodari hukata mstari safi, lakini ni jicho lililoiona nchi liujualo mstari wa kweli.